Damu yetu inatoka brut sawa minerai, na prof wa biolojia anabaki na chaki

Mwezi wa sita mwaka 2021 watu walianza kufa Banalia. Kichwa kinauma, homa inapanda, shingo inakauka, na kwa siku chache mtu ameenda. Banalia ni kwetu hapa Tshopo, ku barabara ya Buta, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisangani, fasi ya karyeri za dhahabu na almasi. Habari ilipofika mjini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Nilisikia kwamba ni PDG mmoja wa shimo aliyefanya mapatano na mashetani ili mshipa wa dhahabu usikatike. Nilisikia tena kwamba ni hewa mbaya ya shimo, kwamba ni sumu, kwamba ni pombe.

Jina la ugonjwa lilitangazwa tarehe 8 Septemba: méningite, ya bakteria inayoitwa meningokoki, aina W. Siku ile walikuwa wamehesabu wagonjwa 261 wa kushukiwa, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Jina lenyewe lilithibitishwa Paris, kwenye Institut Pasteur. Toka mwanzo wa Juni mpaka Septemba ni miezi mitatu. Ukiwa na jina ndipo unajua chanjo gani iletwe, maana chanjo ya méningite aina moja haikingi aina zote.

Mimi ni mtu wa sendika, si munganga. Nilipata diplome d'État yangu, nikaingia mu karyeri, mengine nilijifunza kwa masikio. Lakini kwa miaka mingi mu mikutano yetu tunapiga kelele juu ya jambo moja: minerai isitoke brut. Jiwe likitoka bila kusafishwa, bei inapangwa na yule aliye na mashine ya kulipima. Sasa nauliza: sampuli za damu na za maji ya mgongo za watu wa Banalia zilitoka namna gani? Zilitoka brut. Siwalaumu waliozisoma, walituokoa. Nasema paka kwamba hesabu ni ileile, na kwamba anayeweza kuibadilisha ni mtu ambaye hatumtaji kamwe mu cahier de revendications: prof wa biolojia na kemia wa sekondari.

Nieleze kwanza tunaongea juu ya kitu gani. Kila kitu chenye uhai kina maandiko yake ndani, yameandikwa kwa herufi nne tu, zinarudiliwa kwa mpangilio tofauti. Mtu ana herufi karibu miliyari 3. Meningokoki ya Banalia ina karibu miliyoni 2. Virusi vya mpox vina karibu elfu 197, na vya Marburg karibu elfu 19. Kusoma maandiko hayo yote, toka mwanzo mpaka mwisho, njo wanaita jenomiki. Yanaponakiliwa, kosa dogo linaingia hapa na pale, sawa vile mtu anayenakili daftari la mwenzake usiku. Ukilinganisha makosa ya daftari mbili, unajua nani alinakili kwa nani. Ndiyo maana elimu hii inaweza kusema ugonjwa ulitoka wapi na ulipita kwa nani.

Mchimbaji atasema: yanihusu nini? Twende Durba.

Durba iko karibu na Watsa, leo ni Haut-Uele, lakini wakati ule ilikuwa Province Orientale yetu na mji mkuu ulikuwa Kisangani. Kati ya 1998 na 2000, vita imekwisha kupamba moto, wachimbaji wa dhahabu walianza kutoka damu na kufa. Wenyeji walikuwa wakiongelea ugonjwa wa damu wa Durba toka miaka mingi kabla, lakini nani alikuwa anawasikiliza? Ilithibitishwa mwaka 1999 kwamba ni Marburg, ndugu yake Ebola. Wagonjwa 154, waliokufa 128. Zaidi ya nusu walikuwa wanaume vijana wa karyeri, na karibu wote kati ya hao walikuwa wakishuka ndani ya shimo moja la chini ya ardhi, Goroumbwa.

Mtu wa nje angesema haraka: wachimbaji ni wachafu, wanalala kumi mu chumba kimoja, wanaambukizana. Waliposoma jenomu za virusi, walikuta kitu kingine. Kama ugonjwa ungekuwa umeingia mara moja na kutembea toka mtu hadi mtu, virusi vyote vingekuwa vya familia moja. Walihesabu familia tisa, labda zaidi. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwa unatoka tena na tena mahali palepale: ndani ya shimo, kwa popo waliojaa humo. Na kati ya wachimbaji walioumwa, ni 27 tu kwa 100 waliosema kwamba walikuwa wamegusana na mgonjwa mwingine. Mwishowe shimo lilijaa maji, na ugonjwa ukakoma. Baadaye alama za virusi zilikutwa kwa popo wenyewe.

Kwa mtu wa sendika, hii si habari ya labo tu. Kama wachimbaji wanaambukizana kwa uchafu wao, kosa ni lao. Kama ugonjwa unatoka ndani ya shimo, ni ajali ya kazi, na ajali ya kazi ina mtu wa kuijibu. Familia tisa za virusi ni ushahidi ambao hakuna avoka angeweza kuupata kwa maneno. Ni wachimbaji wangapi wa Durba walioambiwa hivyo, wao ama wajane wao?

Kamituga, Sud-Kivu, ni mji mwingine wa dhahabu. Septemba 2023 mpox ilianza kuonekana kule kwa namna isiyo ya kawaida: watu wazima, vijana, na kati ya wagonjwa waliothibitishwa wa kwanza 108, karibu 3 kwa 10 walikuwa wanawake wanaoishi kwa biashara ya ngono kandokando ya karyeri. Watafiti wa kwetu wa INRB pamoja na wenzao walisoma jenomu na kukuta tawi jipya la virusi, lenye makosa ya kunakili ya aina ile inayoonyesha kwamba limekwisha kuzoea kupita kwa watu. Walikuta tena kipande cha maandiko kimekatika. Na kipande hicho ndicho moja ya vipimo vya PCR ilikuwa inakitafuta! Mgonjwa yuko mbele yako na vipele vyake, kipimo kinasema hapana. Bila kusoma jenomu, wangeendelea kuamini kipimo. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ilitangaza hali ya dharura ya dunia nzima. Ilianzia mu kimji cha wachimbaji.

Kwa hiyo tusiseme kwamba Wakongomani hawawezi. Wakati wa Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, 2018 mpaka 2020, timu ya INRB ilisoma jenomu 744 za virusi, na matokeo yalirudi kwa watu wa kazi wakati ugonjwa ungali unatembea. Shida ni kwamba watu hao ni wachache, wako Kinshasa na Goma, na hakuna anayejiuliza wale watakaowafuata wanatoka wapi. Wanatoka mu darasa la chimie-biologie, la Mangobo, la Kabondo, la Banalia.

Mwezi uliopita nilimtembelea prof anayemfundisha binti yangu. Sitataja shule. Alichora ADN ubaoni kwa chaki, ngazi iliyojikunja, mzuri kabisa, mkono wa fundi. Nikamuuliza kama wamewahi kuitoa hata kidogo. Akacheka.

«Camarade, miye niko nafundisha ADN tangu myaka kumi na mbili, lakini sijaionaka hata siku moja. Mikroskopi iko moja, lansi ilipasuka. Tena Examen d'État ni items, mutoto anachagua jibu. Hakuna item inamuuliza kama alishika kitu.»

Hakuna haya mu jibu lile, lakini lilinikaa moyoni. Ni sawa kumfundisha mtu kuchimba bila kumpa hata barre à mine.

Sasa, watu wakisikia «mafunzo ya jenomiki kwa maprof» wanafikiri mashine za madola elfu mia. Sehemu ya kwanza inafanyika jikoni. Unachukua ndizi mbivu, unaiponda sawa vile unaponda lituma, mpaka iwe laini. Unaweka maji yenye chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni inakula mafuta, na ngozi ya kila seli imetengenezwa kwa mafuta, basi seli inafunguka sawa vile sahani yenye mawesi inavyotakata. Unachuja kwa kitambaa safi. Kisha unamwaga polepole, kandokando ya glasi, alikoli ya digri 90 ya pharmacie iliyolala mu frigo. (Wenzangu, lotoko haifai, haina nguvu ya kutosha, muiache kwa kazi yake.) Nyuzi nyeupe zinapanda kati ya maji na alikoli, unaweza kuzikokota na kijiti. Hiyo ni ADN ya ndizi, imechanganyika na uchafu kidogo, lakini ni yenyewe. Nilimpelekea prof habari hiyo, alikuwa anaijua mu kitabu. Hakuwa na alikoli wala frigo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kujaribu.

Na hapa Tshopo tuna kitu ambacho shule za Ulaya zingetuonea wivu. Yangambi iko karibu kilomita 100 tukishuka mto. Toka 1933 Wabelgiji waliweka pale INEAC, kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, leo ni INERA. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitoa pale maelezo ya siri ya ngazi zetu. Kuna ngazi ya ganda nene, dura. Kuna isiyo na ganda kabisa, pisifera, na mti wake mara nyingi hauzai vizuri. Ukiwaoanisha, watoto wote wanakuwa tenera, ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Ukioanisha tenera na tenera, kwa watoto wanne unategemea dura mmoja, tenera wawili, pisifera mmoja. Ni sheria ya Mendel, ileile, na mashamba makubwa ya michikichi duniani kote, mpaka Malaysia na Indonesia, yanaishi kwa hesabu hiyo iliyofanywa Yangambi. Mwaka 2013 watafiti wakasoma jenomu ya mchikichi na kuikuta jeni yenyewe ya ganda.

Watoto wetu wanafundishwa Mendel kwa mbaazi ambazo hawajawahi kupanda, na nje ya dirisha la darasa mama anauza ngazi. Prof aliyefundishwa kwa mikono angewaambia: kila mmoja alete ngazi kumi, tuzikate kwa kisu, tupime ganda, tuhesabu. Gharama ni karibu bure.

Sehemu ya pili inaomba vyombo. PCR ni mashine ya kunakili: inapasha moto, inapoza, na kila mzunguko unaongeza maandiko mara mbili. Mizunguko 30, kipande kimoja kinakuwa zaidi ya miliyari moja. Kisha unavikimbiza vipande ndani ya jeli kwa nguvu ya courant, vidogo vinatangulia, vikubwa vinabaki nyuma. Courant ya Kisangani tunaijua wote, kwa hiyo batri na panneau solaire viwekwe ndani ya bajeti toka siku ya kwanza, si baadaye. Kuna tena mashine ndogo za kusoma jenomu, zinaingia mkononi na kuchomekwa ku ordinateur. Zilitumiwa Guinea wakati wa Ebola mwaka 2015. Hiyo si lazima kila shule iwe nayo. Moja pale Université de Kisangani, ambako Centre de Surveillance de la Biodiversité tayari wanahifadhi mikusanyo ya panya, popo na samaki wa msitu wetu, ingetosha kwa kuanza. ISP inayotoa maprof nayo iko hapahapa mjini. Hatuhitaji kumpeleka mtu Kinshasa kwa ndege.

Kuna jambo lingine, la mji wetu, linalonifanya nitake maprof wawe wa kwanza kufundishwa. Kuna wazee wanaosema mpaka leo kwamba SIDA ilitengenezwa hapa, Stanleyville, mu chanjo ya polio ya Wabelgiji. Si maneno ya mtaa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa kweli na kambi ya sokomutu ku Lindi, na chanjo ya Koprowski ilijaribiwa kweli kwa watu wa kwetu. Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper aliandika kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Mwanasayansi Hamilton alikuja Kongo mwaka 2000 kutafuta ushahidi, akashikwa na malaria, akafa Uingereza mwezi wa tatu mwaka uleule. Wenzake walikusanya mavi na mkojo wa sokomutu wa msitu wa karibu na Kisangani, na mwaka 2004 matokeo yalitoka: virusi vya sokomutu wa kwetu ni tawi lingine, si wao waliozaa SIDA iliyoenea duniani. Mizizi ya ile iko kwa sokomutu wa kusini-mashariki ya Cameroun, na kuenea kwake kulianzia Kinshasa karibu miaka ya 1920, kwa mto na kwa treni, ile treni iliyokuwa inapeleka watu kwenye migodi ya Katanga.

Wazee hawakuwa wajinga. Walifanyiwa mambo bila kuulizwa, wana haki ya kushuku. Lakini shaka ikiwa haina mtu wa kuipima, inakaa mu mji miaka 60, na siku chanjo ya kweli inapokuja watu wanakimbia. Munganga anaonana na mtu siku anaumwa. Prof anaonana na watoto 50 kila asubuhi, na kila mtoto anarudi kwenye nyumba.

Nilileta wazo hili mu kamati yetu. Sikupokelewa kwa nyimbo. Mzee mmoja, mchimbaji wa zamani, alisema: «Sisi hatuna gants, hatuna kofia, shimo zinaanguka, na wewe unatuletea ndizi mu glasi?» Ana haki. Sitasema jenomiki ipite mbele ya mbao za kushikilia shimo. Nasema paka kwamba sheria inaruhusu vyote viwili. Code minier ya Machi 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale inapochimba, na 15% ya redevance minière inaenda kwa entité territoriale décentralisée ya mahali. Tumeona pesa za namna hiyo zikiwa kuta za shule na mabati. Kuta ni nzuri. Lakini soma cahier des charges yoyote uliyo nayo, utafute neno «prof». Mimi mu zile zilizopita mkononi mwangu sikulikuta.

Mwingine aliuliza swali zito zaidi: tukiwafundisha, watakaa? Prof asiyelipwa vizuri, anayengoja prime ya wazazi, ukimpa brevet ya bioteknolojia, kesho ONG imemchukua ama ameingia mu dhahabu. Ni kweli, na ndiyo sababu sitaki seminère ya perdiem: hoteli siku tatu, fulana, picha, cheti, kwaheri. Pendekezo langu ni dogo. Tshopo ina teritwari saba. Maprof wawili kwa kila teritwari, kumi na wanne, wiki mbili wakati wa likizo kubwa, mikono ndani ya kazi toka siku ya kwanza. Kila mmoja arudi na kisanduku: alikoli, mirija, mikroskopi moja isiyopasuka, na prime ya kila mwezi kwa miaka miwili kwa sharti la kufundisha maprof wenzake wa teritwari. Tuanze na Banalia na Bafwasende, fasi ya wachimbaji.

Na tusisahau upande wa mali. Dawa ya Ebola inayoitwa Ebanga ilianza na damu ya mtu wa Kikwit aliyepona mwaka 1995. Professeur Muyembe ni mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Dawa ilikubaliwa Marekani Desemba 2020, na kampuni inayoishika ni ya Marekani. Inaokoa watu, tuishukuru. Lakini mtoto wa Kikwit anayesoma leo chimie-bio anajua kwamba ilianza na damu ya jirani yake? Anajua namna gani mtu anatoka kwenye damu mpaka kwenye dawa, na ni mu hatua gani mali inabadilika mwenyewe?

Kamati haikupiga kura. Mzee wa gants alisema tutarudilia swali mu mkutano ujao, na kwamba nilete hesabu ya kisanduku kimoja kinagharimu makuta ngapi. Prof wa binti yangu amekubali kunisaidia kuihesabu. Ameomba kwanza tumtafutie mahali penye frigo.